Dresa, Bwana Afya na Mimi Mkunga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa kwenye benchi la madresa. Sikujua kuwa benchi lina wenyewe. Ilikuwa hospitali ya serikali mjini Tabora, wakati wa Mwingereza, na nilikuwa nimetoka kwetu Mtendeni kwa miguu, nimevaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Nilifika mapema, nikaona benchi liko kivulini halina mtu, nikakaa. Akaja mwanamume mwenye kaptula ya kaki na koti jeupe, akanitazama kama mtu aliyekuta kuku kitandani kwake.

"Bibi, umepotea?"

"Sijapotea. Nimekuja kazini."

"Kazi gani?"

"Mwanafunzi wa ukunga."

"Basi umepotea. Benchi la wakunga ni lile pale, juani."

Nikahamia juani. Hilo ndilo somo langu la kwanza la uuguzi, na halikuwamo katika mafunzo yoyote.

Nyinyi vijana mnaofanya kazi katika vituo vya afya leo huniuliza tulitibu vipi wakati dawa zilikuwa chache. Dawa ni jambo dogo. Dawa ikiwapo inatolewa, isipokuwapo mgonjwa anaambiwa. Kubwa lilikuwa watu waliovaa nguo za kazi. Kila kundi lilikuwa na benchi lake, saa yake ya chai na msumari wake ukutani wa kutundikia vikombe. Dresa ndiye aliyeosha vidonda, akafunga bendeji, akapiga sindano na kugawa kwinini. Mkunga alizalisha. Bwana Afya hakugusa mgonjwa kabisa; wagonjwa wake walikuwa visima, vyoo na mbu. Topasi alisafisha vyote walivyochafua wengine, na hakuna aliyezungumza naye ila kwa kumwonyesha ndoo. Dresa hakumbeba mtoto mchanga hata alie vipi. Mkunga hakugusa sindano. Ukivuka mpaka, ulikuwa umewatukana wote wa upande wa pili.

Umri nao uliachwa getini pamoja na baiskeli. Nilimwona topasi mmoja wa Kinyamwezi, mzee mwenye mvi kichwa kizima, akimpa shikamoo dresa ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinafikiria kama ziote. Na yule kijana akaitika "marahaba" bila kugeuka. Kwetu Mtendeni angepigwa kofi na mtu yeyote aliyekuwa karibu. Hospitalini ilikuwa ndiyo adabu yenyewe: shikamoo ilikwenda kwa cheo.

Mimi ni mtoto wa sokoni. Baba yangu aliuza vitambaa, nikakua chini ya meza yake nikisikiliza watu wakishushana bei. Nilijua mapema kuwa bei ya kwanza anayoitaja mtu ni salamu tu, mazungumzo yanakuja baadaye. Nilijua pia kuhesabu kila kitu mara mbili, mara moja kwa macho na mara moja kwa vidole, maana macho hupenda kukubali haraka. Tabia hiyo nyumbani kwa mume ilinivunjia ndoa. Kwa Metroni ilinipatia kazi.

Metroni alikuwa mkuu wa wauguzi, Mzungu mrefu mwenye viatu visivyolia. Alitufundisha kutumia pembe, yaani kile kijitarumbeta cha mti unachokiweka juu ya tumbo la mama na sikio lako upande wa pili, ukasikiliza moyo wa mtoto. Alitufundisha kuhesabu vitambaa vya kufutia damu kabla ya uzazi na kuvihesabu tena baada yake, kwa kuwa kitambaa kilichosahauliwa tumboni huua mama baada ya watu kwisha kumpongeza.

"Zuhura, vitambaa vimetimia?"

"Vimetimia, Metroni."

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

"Wenzako nawalazimisha. Wewe ulizaliwa hivyo?"

"Nilizaliwa dukani, Metroni."

Hakucheka, lakini tangu siku ile aliniita kila alipokuwa na mama mwenye uzazi mgumu. Nilipomaliza mafunzo akaniita tena, safari hii ofisini kwake, akafunga mlango.

"Mpaka leo hatujawahi kupeleka mkunga wetu nje ya mji," akasema. "Wanasema mwanamke wa mjini hatakaa porini, na wanawake wa vijijini hawatamjia. Nimeomba chumba kimoja, kwa majaribio. Nimetaja jina lako."

"Na kikikosa wazazi?"

"Kikikosa wazazi, utarudi hapa kuosha mabeseni, na mimi sitapata ruhusa ya kupeleka mwingine."

Nilimwachia mama yangu binti yangu mdogo, nikapanda garimoshi mpaka Igalula. Kutoka stesheni tulikwenda kwa miguu kuingia ndani, tukifuata njia ya zamani ya wapagazi, yenye upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Wazee wa kule walikuwa bado wanajivunia meno ya tembo waliyoyapeleka pwani, na kila mmoja mzigo wake ulikuwa mzito kuliko wa mwenzake. Niliona nimefika kwa watu ninaowaelewa.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya matofali yenye baraza mbele. Chumba cha kwanza kilikuwa cha dresa, chenye dirisha linalotazama barazani. Kila mgonjwa alisimama dirishani, akataja ugonjwa wake, dresa akamwamulia. Nyuma yake kulikuwa na stoo ya dawa. Pembeni ndipo chumba cha wazazi: kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia vyombo, na mlango mmoja tu, ulioingilia ndani ya chumba cha dresa. Aliyechora nyumba ile hakuwahi kuzaa, wala kuoa naona.

Mkuu wa kituo alikuwa Dresa Anselmi, aliyelelewa misheni. Kijana msafi, kucha zake safi kuliko zangu, na mwenye mkono mwepesi wa sindano. Watoto walikuwa wakiendelea kuisubiri wakati tayari imekwisha kutoka. Wanakijiji walimwita Mnyampara, kama walivyomwita kiongozi wa msafara zamani. Mwingine alikuwa Bwana Afya, jina lake Sefu, mtu wa mjini kama mimi, mwenye kofia ya jua, baiskeli, na fimbo ndefu yenye alama za kupimia kina cha mashimo. Hakuachana na fimbo ile. Nadhani alilala nayo.

Siku ya kufungua chumba alikuja Bwana Mganga wa Wilaya, daktari Mzungu aliyetusimamia sote. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa sahihi kama risiti. Akatazama kitanda, akatazama ukuta, akanitazama mimi.

"Chumba hiki ni cha majaribio mpaka mavuno," akasema. "Wazazi wakija, kitabaki. Wasipokuja, Bwana Afya ataweka humu saruji yake ya mifuniko ya vyoo. Ameomba sana."

Bwana Afya akatazama juu kama anayekagua dari. Nikajua nimeanza kazi na mpangaji mwingine akiwa mlangoni na mizigo yake.

Masika yakanyesha, mtama ukapanda mpaka kiunoni, kitanda changu hakijalaliwa na mtu. Kila asubuhi nilichemsha vyombo, nikahesabu vitambaa, nikavirudisha vilevile. Wanawake wenye mimba niliwaona wakipita na makarai ya michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, tumbo limefika puani. "Mwangaluka," wananisalimu kwa adabu, na hao wanapita. Watoto walikuwa wakizaliwa kila upande. Nikisikia vigelegele jioni najua kazi yangu imefanywa na mtu mwingine.

Mtu mwenyewe alikuwa Mama Kalunde, mkunga wa jadi, binti wa mpagazi. Nilimfuata kwake. Sikwenda kumfundisha, sokoni humwendei mwenye duka linalojaa ukamfundisha kuuza. Nilibeba sukari kidogo na chai, nikakaa chini.

"Mayu," nikamwambia, yaani mama, kwa lugha ya kwao, "kwa nini hawaji?"

Akanywa chai yake kwanza. "Kwako kuna shida mbili. Ya kwanza, mwanangu mwenye uchungu atasimama dirishani, aseme mbele ya wakwe zake na wagonjwa wa malaria, 'Nimekuja kuzaa.' Kisha apite mbele ya yule kijana. Wewe ungepita?"

"Nisingepita."

"Ya pili, kondo."

Kondo la nyuma, kwa wasiojua, ni ile nyama inayomlisha mtoto tumboni na kutoka baada yake. Utaratibu wa hospitali ulikuwa wazi: mkunga hulitoa, topasi hulibeba, Bwana Afya husimamia likichomwa shimoni pamoja na bendeji zenye usaha. Kule kwao kondo lilizikwa nyumbani na bibi wa mtoto, mahali panapojulikana. Hawakuwa tayari litiwe moto na mwanamume mwenye kofia.

"Mtoto wetu mnatupatia," akasema Mama Kalunde, "halafu nusu yake mnachoma kama takataka. Na nikimleta mjukuu wangu Nyamizi, mimi nibaki nje na mbuzi?"

Hapo nikaona hesabu yote. Kilichowazuia kina mama kilikuwa dirisha, ambalo ni la dresa, na moto, ambao ni wa Bwana Afya. Changu kilikuwa kitanda peke yake. Kila mmoja wetu alikuwa anafanya kazi yake sawasawa, na kwa kuifanya sawasawa tulikuwa tumekifunga chumba.

Nilianza na Dresa Anselmi. Nilimngoja mpaka wagonjwa wamekwisha na ameketi anakata bendeji.

"Dresa, nataka mlango."

"Mlango unao."

"Ninao wa kwako. Nataka wa kwangu, ukuta wa nyuma, unaotazama mtama. Mafundi wa Mtemi watautoboa, nimekwisha kuwauliza."

"Umewauliza kabla yangu?"

"Nimewauliza kama wanaweza. Wewe nakuuliza kama unataka."

Akaendelea kukata. "Hapa kila mtu hupita dirishani. Huo ndio utaratibu. Asipopita kwangu, mimi ni mkuu wa nini?"

"Wa kituo. Watoto wakizaliwa humu, wamezaliwa kituoni kwako."

"Mimi nitapata nini?"

Nikafurahi kimoyomoyo. Mtu akiuliza atapata nini, ameingia dukani.

"Taja."

Akaweka mkasi. "Tangu umefika hujaniamkia."

"Kila siku nasema hujambo Dresa."

"Hujambo ni ya watoto. Mkuu wa kituo hupewa shikamoo, barazani, watu wakisikia. Bwana Afya ananipa."

"Bwana Afya anataka chumba changu, angekupigia hata magoti. Anselmi, mimi nilikuwa nimeolewa, wewe unachunga mbuzi."

"Kwa umri ndiyo. Kituoni mimi ni mkubwa wako. Usiponiamkia wewe, wagonjwa wanaona kichwa hakipo."

Niseme kweli, lilinichoma. Ningetoa posho yangu ya mwezi kabla ya shikamoo kwa kijana yule. Lakini bei aliyoitaja ilikuwa moja, haikuongezeka, na alikuwa ananitazama bila dharau. Nikaona kuwa hamaanishi kunishusha. Ndivyo alivyofundishwa, kama mimi nilivyofundishwa kuhesabu vitambaa.

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku."

"Jumapili uko misa."

"Basi siku za kazi."

"Mara moja, asubuhi. Tukikutana kisimani hunidai."

"Kwa sauti ya kusikika."

"Kwa sauti yangu ya kawaida."

"Sauti yako ya kawaida inasikika Igalula," akasema. "Nimekubali."

"Bado. Na mwanamke aliyejitanda khanga akaja upande wa nyuma, humuulizi kitu. Na nikikuita kwa sindano unakuja, unapiga ukitazama mkono, unaondoka."

"Nikuulize sasa, ni nani anayeuza na nani anayenunua?"

"Tunauziana."

Kesho yake nilisimama barazani, wagonjwa wamejaa, nikasema, "Shikamoo, Dresa." Bibi mmoja aliyekuja na jino aliacha kulia. Anselmi akasimama wima kabisa, akaitika, "Marahaba, Bi Mkunga." Wiki ile ile mafundi walitoboa ukuta.

Bwana Afya alikuwa mgumu zaidi, maana yeye sikuwa na kitu alichokitaka ila chumba. Nilimpata akirudi vijijini, kofia mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Umepata vyoo vingapi leo, Bwana Sefu?"

"Wamekimbia. Wakiiona baiskeli wanaingia mtamani. Nimekagua nyumba zenye kuku tu."

"Wanajua unawapeleka barazani kwa Mtemi wakatozwe faini."

"Nifanyeje? Mimi naangaliwa kwa vyoo. Wewe unaangaliwa kwa watoto, mwenzako kwa vidonda. Kidonda kinakuja chenyewe kwa miguu. Choo hakiji."

"Nikikuletea watu wanaokuita wenyewe uje na fimbo yako?"

"Utakuwa umewalewesha."

Nikamweleza habari ya kondo. Alikataa kabla sijamaliza sentensi. Likizikwa juujuu, akasema, fisi wanafukua, nzi wanajaa, na kuhara kunaanzia hapo. Alikuwa na haki. Nikamwacha aseme yote, kisha nikamuuliza, "Likizikwa chini?"

"Chini kiasi gani?"

"Kiasi cha fimbo yako."

Akaitazama ile fimbo kama aliyekumbushwa kuwa ana mke mzuri.

"Wenye mtoto watachimba shimo nyumbani kwao," nikasema. "Wewe utakwenda kulipima. Hutakwenda na faini. Utakuwa umeitwa na bibi wa mtoto. Na jembe likiwa limetoka, wanaume wako pale, wamelainika kwa furaha ya mtoto, unawaonyesha mahali pa choo. Unafikiri kuna mkwe atakataa siku hiyo?"

Akapitisha kidole kwenye alama za fimbo. "Kondo litasafiri ndani ya nini?"

"Chungu kipya chenye kifuniko, kimefungwa kwa kitambaa."

"Kitambaa kilichochemshwa."

"Kilichochemshwa."

"Na likipatikana moja juujuu, narudi kwenye moto."

"Na saruji yako?"

"Saruji inaweza kulala stesheni," akasema. "Lakini nisikilize, Zuhura. Nikisikia kijijini kuwa mpango huu ni wa wakunga, nitakataa kuwa nakujua."

Kwa Mama Kalunde biashara ilikuwa fupi. Ataingia na mjukuu wake, atamshika mgongo na kusema naye. Atanawa kwa sabuni mpaka viwiko, atakata kucha, atavua bangili. Dawa zake zitabaki kibuyuni nje. Kitovu nitakata mimi. Alibisha juu ya bangili tu, akasema hazijatoka tangu aolewe. Tukazitoa kwa sabuni ile ile.

Nyamizi aliingia kwa mlango wa nyuma asubuhi moja ya ukungu, mtama umemfunika mpaka begani, hakuna aliyemwona. Alijifungua mtoto wa kike kabla ya adhuhuri. Bibi yake alisema naye muda wote kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya mtu anayepiga soga shambani, na sijapata kuona mama akitulia vile hata chini ya Metroni. Chungu kikatoka. Bwana Afya akaitwa, akapima, akarudi jioni anapiga mluzi: wamechimba mashimo mawili. Baada ya hapo kitanda hakikupoa. Ilifika siku nikalaza mmoja sakafuni kwenye mkeka na kumwomba radhi.

Mavuno yakaingia, na Bwana Mganga wa Wilaya akaja kukagua.

Kwa utaratibu wa madresa, siku ya ukaguzi anayesema ni mkuu wa kituo peke yake. Wengine hujipanga nyuma yake, na midomo yao imefungwa. Ukijibu swali usiloulizwa umemvua nguo mkubwa wako mbele ya mkubwa wake. Tukajipanga barazani: Anselmi mbele, Bwana Afya, mimi, na topasi wa kituo. Mimi niliyemaliza masika nikishusha na kupandisha bei na kila mtu, siku ya kulipana sikuwa na ruhusa ya kufungua kinywa.

Bwana Mganga alikagua dawa, akakagua sindano, akaingia chumbani kwangu, akakuta mama amelala na mtoto ananyonya. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ndipo alipoona mlango. Na mlangoni, akitoka kwa haraka yake ya kawaida, alikuwa Mama Kalunde na chungu kimefungwa kitambaa.

"Mama huyu ni nani?"

Anselmi akasema, "Ni mkunga wa kijiji, Bwana Mganga."

"Amebeba nini?"

Mama Kalunde, ambaye hakuwa katika mstari wowote, alijibu mwenyewe. "Changu," akasema, akaendelea na safari yake.

Bwana Mganga alirudi barazani polepole. Akasimama mbele ya Anselmi. "Mlango haumo katika ramani. Mkunga wa jadi ndani ya chumba cha uzazi. Na kondo linatoka kituoni badala ya kuchomwa. Haya yote hospitalini kwangu ni makosa. Nataka kujua ameamuru nani."

Nilimtazama Anselmi kisogoni. Alikuwa na jibu jepesi kabisa, na lilikuwa kweli: Mkunga. Neno moja tu, mimi narudi kuosha mabeseni, Metroni anafungiwa faili lake, na yeye anabaki msafi kama kucha zake. Hakuna dresa ambaye angemlaumu. Nilianza kuhesabu vitu vyangu vya kufunga safari.

"Mimi, Bwana Mganga," akasema Anselmi.

"Wewe ndiye uliyewaza haya?"

"Hukuuliza aliyewaza. Umeuliza aliyeamuru. Kituo ni changu. Kila asubuhi wote hawa wananiamkia hapa, mbele ya watu. Siwezi kupokea hilo asubuhi, halafu leo niseme sikujua kinachofanyika nyumbani mwangu."

Nyuma yangu topasi alikohoa. Halafu Bwana Afya, ambaye hakuwa ameulizwa kitu, akavunja utaratibu aliokuwa akiutetea maisha yake yote.

"Mashimo napima mimi, Bwana Mganga. Kwa fimbo hii. Ukipenda twende ukafukue lolote."

Walikwenda. Bwana Mganga hakuwa mtu wa kupokea habari mdomoni, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alipimiwa shimo nyumbani kwa Nyamizi, akapimiwa jingine mbele kidogo, akaonyeshwa vyoo vilivyochimbwa kando yake, akaviingia kimoja kimoja. Sisi tulibaki barazani. Anselmi alikuwa amekaa dirishani anafunga bendeji moja ile ile, anaifungua, anaifunga.

"Ungeweza kunitaja," nikamwambia.

"Ningeweza," akasema. "Halafu kesho ungeniamkiaje?"

Bwana Mganga aliporudi viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa udongo. Alinawa mikono kwenye beseni la topasi, na akamshukuru topasi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Hospitalini kwangu bado ni makosa," akasema. "Hapa si hospitalini kwangu. Chumba kibaki. Mlango uchorwe katika ramani, ili nisiulizwe mimi. Bwana Afya, saruji yako nitaitafutia banda." Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Mkunga, una la kusema?"

Nilimtazama Anselmi. Akanipa ruhusa kwa kichwa.

"Kitanda kimoja hakitoshi, Bwana Mganga. Naomba vitatu."

"Nitaleta viwili."

Nilikuwa nataka viwili.

Baada ya hapo Metroni alipata ruhusa yake, akawatuma wenzangu vituo vingine kandokando ya njia ile ya zamani na ng'ambo ya reli. Mimi nilihamishiwa Itetemia, kisha kwingine, nikawa msimamizi wa wakunga wa vijijini, na bendera ilipobadilika nilikuwa bado kazini. Nilistaafu nikiwa na macho mazuri na magoti mabaya. Kila kituo nilichofika nilikuta makundi yale yale, kila moja na benchi lake na kikombe chake, na sikuwahi kujaribu kuyavunja. Mtu hujivunia benchi lake kwa sababu anajua kazi yake inaanzia wapi na kuishia wapi, na mgonjwa anahitaji watu wa namna hiyo. Nilichofanya ni kumuuliza kila mmoja anataka nini, nikampa, nikachukua nilichotaka mimi.

Vijana mnaoitwa timu siku hizi mnakaa meza moja, mnakunywa chai pamoja, vizuri sana. Ila siku mkaguzi akija, tazameni ni nani anayesema "mimi".

Ukikutana na dresa mstaafu wa enzi zile, atakwambia chumba cha wazazi upande wa Igalula kilisimamishwa na dresa, aliyejibu peke yake mbele ya Mzungu. Ukikutana na bwana afya mstaafu, atakwambia kilisimamishwa na fimbo ya kupimia. Siwabishii, maana wote wawili wanasema kweli. Wakunga hatukuwa na nafasi ya kuisimulia wakati ule; tulikuwa ndani, tunazalisha.